Seneca Alihama, Mimi Nikabaki

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anamsoma Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, ili aweze kuvumilia kelele za baa iliyo chini ya chumba chake, akaniomba nimwelekeze aanze na barua ipi. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa hata mimi nilipita njia hiyohiyo.

Mwaka niliokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa uhasibu, nilipanga chumba juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Rafiki zangu waliponisihi nihame, niliwajibu kwa barua ya 56, mojawapo ya barua 124 zilizotufikia ambazo Seneca alimwandikia rafiki yake Lucilius katika miaka yake ya mwisho, kabla Kaisari Nero hajamwamuru ajiue mwaka 65. Humo anasimulia jinsi alivyokaa juu ya bafu la umma: wanyanyua vyuma wanaguna, kiganja cha mkandaji kinapiga mabega, muuza soseji ananadi, na mnyonyoa nywele hanyamazi ila pale anapomnyonyoa mteja makwapa, na hapo mteja ndiye anayepiga kelele kwa niaba yake. Katikati ya ghasia hizo Seneca anashikilia kwamba utulivu wa kweli hutoka moyoni. Basi nami nikajiona Mstoa kamili, mfuasi wa falsafa ya Seneca ya kutoyumbishwa na mambo ya nje, nikakaza mikanda, nikaziba dirisha kwa godoro.

Nilifeli. Walionizidi walikuwa wamesomea maktaba, na hadi leo jambo hilo linaniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipoisoma barua ile hadi mwisho, maana awali nilikuwa nimeridhika na dondoo. Seneca anakiri kwamba wakati mwingine ni heri kukaa mbali na makelele, na kwamba yeye mwenyewe atahama. Alitaka tu kujijaribu na kujizoeza. Kwa nini ajitese zaidi, anauliza, ilhali Ulysses, baharia shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliwapatia wenzake dawa rahisi hata dhidi ya Sirens, viumbe walioangamiza mabaharia kwa nyimbo zao? Dawa yenyewe ilikuwa nta ya kuzibia masikio.

Kwa hiyo someni barua nzima, ndugu zangu. Someni moja kila asubuhi, polepole, na msiishie kwenye dondoo. Tumekuwa watu wa kuokota sentensi moja ya mwanafalsafa na kuifanya ngao ya ukaidi wetu, kisha ukaidi huo tukauita subira.

Na wewe uliyeniandikia, kabla sijakutajia barua ya kuanza nayo, niambie: kodi yako inaisha lini?