Ukiwa na ndugu mahabusu: yanayoumiza akili yake, na unayoweza kufanya ukiwa nje

Nilikaa mahabusu miezi 11 nikisubiri kesi ambayo mwishowe ilifutwa. Tangu nitoke, watu huniuliza kuhusu chakula, kunguni na vipigo. Hakuna aliyewahi kuniuliza nililalaje. Usingizi ndio uliotangulia kuondoka, na ulipoondoka mengine yakaufuata: hasira, kusahau, machozi yasiyo na sababu, na baadaye yale mawazo ambayo sikumwambia mtu mpaka nilipokuwa nje.

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye ndugu yako amenyimwa dhamana wiki hii, na unajiuliza umpelekee nini.

Anza na dawa. Kama alikuwa anatumia dawa za akili au za kifafa, au aliwahi kutibiwa sonona (ugonjwa wa huzuni kali), usisubiri aulizwe. Andika kwenye karatasi ugonjwa wake, dawa, kipimo na jina la daktari anayemtibu. Nakala moja mpe wakili, nyingine ipeleke gerezani, na uulize jina la aliyeipokea. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 kuwa kiwango cha chini cha kuwatunza wafungwa, zinataka kila anayeingia aonwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo, na aangaliwe kama ana dalili za msongo au hatari ya kujiua. Mimi niliulizwa jina, umri na kosa, basi.

Kijana aliyeingia siku moja nami alikuwa na ugonjwa wa kusikia sauti, na dawa zake zilibaki nyumbani. Kufikia siku ya 5 alikuwa akijibizana na ukuta usiku kucha. Sisi tuliolala naye tulimwona msumbufu, askari wakamwona mjeuri, akapelekwa selo ya peke yake. Mama yake alileta dawa wiki 3 baadaye, maana hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuzileta. Bado naona aibu kwa maneno niliyomtolea kijana yule usiku ule, nikitaka anyamaze. Na wa aina yake ni wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliojumlisha tafiti 62 za nchi 12 na wafungwa karibu 23,000, ulikuta mwanaume 1 kati ya 10 waliomo gerezani ana sonona kali, na takriban 4 kati ya 100 wana ugonjwa mzito wa akili wa kupotewa na uhalisia.

Siku za mwanzo ndizo za kuogopa zaidi. Katika nchi nyingi, wanaojiua gerezani hujiua mara nyingi katika siku na wiki za kwanza, na mahabusu wamo hatarini kuliko waliokwisha kuhukumiwa. Kwa hiyo ukiweza kwenda mara moja tu mwezi huu, nenda mapema.

Sasa nirudi kwenye usingizi. Taa haikuzimwa. Milango ya chuma ilibamizwa saa zote, na tulihesabiwa usiku wa manane. Selo yetu niliipima kwa hatua, ilikuwa kama mita 5 kwa 6. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza walau mita za mraba 3.4 kwa kila mtu anayelala chumba cha pamoja. Kwa kipimo hicho chumba kile kilikuwa cha watu 8 au 9. Tulikuwa 31. Tulilala ubavu, mmoja akigeuka mstari mzima unageuka. Mwili wa mtu mwingine unakugusa saa 24, na bado hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia unaogopa. Hakuna pa kulia. Nilikuwa nikilia kwenye foleni ya maji, nikinawa uso.

Kama sheria za gereza zinaruhusu, mpelekee kitambaa cha kufunika macho na shuka la ziada kabla ya kufikiria vitu vya kula. Mwambie asilale mchana hata kama hana la kufanya, na saa ya kutoka uani asiitumie kukaa kivulini. Kanuni za Mandela zinataka walau saa 1 ya mazoezi kwenye hewa ya wazi kila siku. Mimi niliichezea saa hiyo miezi miwili, mpaka mzee mmoja tuliyemwita Babu aliponishika mkono akaniambia tutembee. Tulizunguka ua mara 60. Usiku ule nililala.

Lakini kilichokaribia kunimaliza kilikuwa kutojua. Aliyehukumiwa ana tarehe, hata kama iko mbali anaweza kuihesabia. Mahabusu hana cha kuhesabia. Unaamka alfajiri, unavaa shati lako safi, unapelekwa mahakamani umefungwa pingu na mwenzako, unasikia neno moja, "imeahirishwa", unarudishwa. Niliahirishiwa mara 14. Nilimwona mtu akirudi kutoka mahakamani amefungwa miaka 6, na usiku huo akakoroma kama mtoto. Nikamwonea wivu. Ukifika mahali pa kumwonea wivu mtu aliyefungwa miaka 6, akili yako tayari imeshaanza kuumwa, ingawa mwenyewe hujui.

Hapo ndipo ninyi wa nje mna nguvu kuliko mnavyodhani, na ndipo mnapokosea zaidi. Dada yangu ananipenda mno. Kila alipoondoka alisema, "Jumamosi nitakuja, kaka." Jumamosi nyingine alikuja, nyingine hakuja, ana kazi na watoto. Mimi huku ndani nilimsubiri tangu asubuhi, na jioni nilikuwa nimeshamzika: amepata ajali, ameugua, wamenichoka. Mama alikuja mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya kwanza, hakuahidi zaidi ya hapo, na hakukosa hata mara moja. Alhamisi ya mama ikawa kalenda yangu. Afadhali uahidi siku moja kwa mwezi ukaitimiza kuliko uahidi nne ukaja tatu.

Vivyo hivyo na habari. Walinificha msiba wa mjomba wangu kwa miezi minne, kwa nia njema, ili "nisiongezewe mawazo". Nilipojua, sikuamini tena neno lolote walilonieleza, hata habari njema. Waliponiambia mtoto amefaulu mtihani, niliomba nione karatasi. Mwambie ukweli, mwambie uso kwa uso ikiwezekana, na kama unaweza mjulishe askari wa zamu au kiongozi wa dini anayetembelea gereza kwamba amepokea habari nzito, ili usiku ule kuwe na mtu wa kumwangalia.

Na mpe maamuzi. Mke wangu aliniuliza kwa barua kama mtoto ahamishwe shule. Nilikaa na swali lile siku 3, nikiandika na kufuta. Kwa siku zile 3 nilikuwa baba.

Kuhusu selo ya peke yake, nilikaa humo siku 6. Siku ya 3 nilianza kusikia jina langu likiitwa kwenye mlio wa bomba, na sauti ya funguo iliniumiza masikio kama kelele ya mashine. Nilidhani nimerukwa na akili. Baadaye nilisoma kwamba daktari wa akili, Stuart Grassian, aliandika mwaka 1983 kuhusu wafungwa wa Massachusetts waliotengwa, na dalili zao zilikuwa zilezile: kutovumilia sauti ndogo, kusikia yasiyokuwepo, hofu ya ghafla. Kanuni za Mandela zinakataza mtu kutengwa kwa saa 22 au zaidi kila siku, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, na zinakataza kumtenga mwenye ugonjwa wa akili pale ambapo kutengwa kutauzidisha. Ndugu yako akitengwa, mwambie wakili siku hiyohiyo, aulize kwa maandishi sababu na muda.

Unapomtembelea, mtazame. Ameacha kuoga? Amegawa vitu vyake? Anakataa kuja chumba cha wageni, au anasema mtaishi vizuri bila yeye? Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali litampa wazo. Halitampa. Mimi ningeulizwa ningejibu, na ningejibu kwa shukrani. Akikubali, usiondoke bila kumwona mkuu wa zamu au mganga wa gereza, na andika saa uliyomwambia.

Siku ya kutoka, msifanye sherehe kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki 2 za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya wakazi wengine, na dawa za kulevya zilizozidi kipimo ndizo zilizoongoza. Kama alikuwa mtumiaji, mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani. Mwambieni hivyo kabla hajakutana na marafiki. Mwekeeni miadi ya daktari kabla hajatoka.

Mimi wiki za kwanza nililala sakafuni, ubavu, ukutani kabisa. Mke wangu hakunihoji, alishusha mto tu. Na nilikuwa nikifika mlangoni nasimama, nasubiri afungue mtu mwingine. Siku ya 9 alinipa funguo za nyumba akaniambia yeye anatoka, nikitaka kwenda popote nifunge nyuma yangu. Nilikaa na funguo zile mkononi hadi saa 10 jioni, ndipo nikafungua.