Maswali ya Wasomaji: Mieleka ya Kwenye Simu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 19 na ninafanya mazoezi ya mieleka ya mtindo huru katika klabu ya mtaani kwetu, Morogoro. Usiku hutazama kwenye simu mapambano ya Olimpiki, hasa yanayoamuliwa sekunde za mwisho. Mwalimu wetu asema ninamaliza bando bure, na kwamba mbinu hupatikana katika video za mafunzo peke yake. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako ana hoja, ila si yote. Video ya mafunzo huonyesha namna ya kuushika mguu wa mtu aliyekubali kushikwa. Pambano ndilo huonyesha mguu huo unavyopatikana kwa mtu asiyetaka kuutoa. Tatizo ni kwamba pambano linaposisimua, macho hukimbilia anguko, ilhali kazi yenyewe ilikwisha kufanyika kabla ya hapo.

Tazama fainali ya kilo 125 ya Tokyo, Agosti 2021. Geno Petriashvili wa Georgia alikuwa akiongoza kwa 8-5, na saa ilikuwa imebakiza sekunde chache tu, Gable Steveson wa Marekani alipomzunguka na kupata pointi 2. Bado alikuwa nyuma kwa pointi moja, hivyo akamwachia mpinzani asimame, akamrudia, akamzunguka tena mgongoni saa ikiishia. Georgia walipinga uamuzi huo, pingamizi likakataliwa, na kwa kanuni Mmarekani akaongezewa pointi moja: 10-8. Wengi hukumbuka shangwe na sarakasi aliyoipiga baadaye. Wewe rudisha video nyuma, zima sauti ya mtangazaji, kisha mwangalie mshindi mikono na miguu tu: kichwa cha mpinzani kinavutwa chini, uzito wake unahamia mbele, na wakati yeye anajiokoa asianguke, mwenzake amekwisha kupita ubavuni. Hakuna nguvu za ajabu hapo, na ndiyo sababu mtu wa kilo 60 anaweza kuifanyia mazoezi mbinu hiyo hiyo.

Jambo la pili, ambalo mimi naliona lina faida kubwa zaidi, ni kufuatilia wapinzani wale wale kwa miaka kadhaa. David Taylor wa Marekani alimshinda Hassan Yazdani wa Iran 4-3 katika fainali ya kilo 86 ya Tokyo, kwa kumvamia miguu yote miwili dakika ya mwisho. Miezi miwili baadaye, mjini Oslo, Yazdani alishinda 6-2; mwaka 2022, mjini Belgrade, Taylor akashinda 7-1. Yatazame mapambano hayo kwa mfuatano, ukijiuliza kila mmoja amebadilisha nini katika umbali anaosimama na mkono anaoutanguliza, kwani hayo hayafundishwi na video ya somo la dakika tano.

Kanuni nazo zijue, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu anakubali kusukumwa nje ya duara na kupoteza pointi 1 kuliko kuangushwa na kupoteza 2. (Maonyesho ya mieleka ya televisheni, ambayo matokeo yake hupangwa, yaache kando.)

Ukishaona kitu kimoja, kimoja tu, kipeleke mazoezini na umwombe mwalimu akupe mwenzako wa kukirudia naye polepole. Mitupo ya kumnyanyua mtu juu usiijaribu kwa kuiona kwenye simu, hasa kama mikeka yenu ni myembamba, kwa sababu shingo ya mwenzako ndiyo itakayotangulia chini.