Mtoto kaangukia njano kwenye utepe: anza na uji

Dada, umesema mwanao wa miezi 14 alipimwa mzunguko wa mkono kliniki kwa utepe wa rangi akakutwa na sentimita 12.1, rangi ya njano, na mama mkwe anadai mmembemenda, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi mmefanya tendo la ndoa angali ananyonya. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Iringa. Lawama hiyo usiibebe, haimsaidii mtoto hata kidogo. Njano, yaani kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa kadiri, na unarekebishika ukishughulikiwa mapema. Chini ya hapo ni nyekundu, utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba, ukibonyeza pakabaki shimo, usisubiri utepe. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Watu hushangaa nikiwaambia kuhusu Iringa. Mahindi tunayo, viazi, maharage, maparachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika kaya ninazozungukia, mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anaachiwa dada yake na uji mwepesi unaonyweka kama chai. Tumbo lake dogo linajaa maji, analala ameshiba, na mwili haujapata kitu.

Kwa hiyo uji wako ushikamane na kijiko. Tia karanga za kusaga au yai, maziwa ukiwa nayo, na kijiko kidogo cha mafuta. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu. Ule unga wa lishe wa nafaka kumi mimi siupendi: hujui zilichambuliwaje, na bei yake ingekununulia dagaa. Ale mara tatu au nne kwa siku, katikati apate ndizi au parachichi, na awe na bakuli lake ili uone kala kiasi gani. Ziwa usimkatishe.

Dawa ya kuongeza hamu ya kula uliyouziwa dukani iache kwanza. Umesema alikuwa anaharisha. Kama bado, aanze ORS na zinki, na akipona mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Mrudishe kliniki baada ya wiki mbili hizo, uombe apimwe pia uzito ukilinganishwa na urefu wake. Kama anakula vizuri na uzito hausogei, waulize kuhusu kifua kikuu na VVU, hata kama wao hawajagusia.