Mkataba na shamba la ukoo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: kama Tanzania iliridhia tangu 1985 mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, inakuwaje wazee wamzuie shangazi yako kuuza kipande chake cha shamba la ukoo, na wakili naye aseme mkataba peke yake hautoshi mahakamani?

Wakili hajakudanganya. Unakumbuka tulipomposea kaka yako? Mshenga aliahidi ng'ombe wawili, baba yako mdogo akanuna kwamba hakuulizwa. Wakweze hayo yaliwahusu nini? Ahadi ilishatoka. Nchi nazo hufungana hivyo: ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa 1969, ule wa sheria ya mikataba baina ya nchi, inakataza nchi kujifichia nyuma ya sheria yake ya ndani ili ikwepe ilichokubali. Ila hayo ni ya nchi na nchi. Humo ndani kila nchi ina utaratibu wake. Huko Kenya unakoishi, ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria. Kwetu Bunge likisharidhia, bado itungwe sheria ya kuutekeleza mkataba, kama ile Sheria ya Mtoto ya 2009 kwa mkataba wa haki za mtoto.

Lakini ipo kesi ya hapa hapa Muleba. Bibi mmoja alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipombana na hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Kesho yake ndugu yake akawa Mahakama ya Mwanzo kupinga, kwamba kwa mila mwanamke hauzi shamba la ukoo. Kesho yake! Kumtunza hakukuwa na haraka hiyo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanamume; ukoo ukitaka shamba, urudishe zile 300,000 ndani ya miezi sita. Alisimamia Katiba yetu, ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, na mikataba akaitumia kuonyesha Katiba isomwe vipi.

Wakili aanzie hapo, aongeze kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Kuhusu wazee: kwenye kile kikao walichomzuia shangazi yako nami nilikuwepo, nikanyamaza. Jumapili wanakutana tena. Mwambie shangazi yako asiweke dole gumba popote mpaka nifike.

Baba yako