Jopo limeshauri, sasa nani anafanya?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nafundisha fizikia sekondari, huu mwaka wa tisa. Kila baada ya muda nasikia nchi fulani imeunda jopo la wataalamu liishauri serikali kuhusu elimu ya sayansi na teknolojia, wanakaa vikao, wanatoa ripoti nene, wanapiga picha, kimya. Mimi huku nina ammita tatu, vile vifaa vya kupimia mkondo wa umeme, zinazosoma vizuri na watoto 60. Hivi hao watu wana nguvu yoyote au ni ulaji tu?
Mwalimu wa fizikia

JIBU: Mwalimu pole na chaki. Nguvu hawana. Jopo la ushauri haliajiri mwalimu, halinunui hata waya wa maabara, mtaala haliugusi, linaandika tu na serikali ikiamua ripoti ilale kabatini basi italala. Kuhusu ulaji sasa, inategemea na nchi, ila nikupe mfano wa Marekani maana mambo ya kule yako wazi kidogo, wajumbe wa jopo la rais la sayansi na teknolojia hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo, wanarudishiwa gharama za safari. Na tangu 1972 wana sheria inayosema vikao vya majopo kama haya kwa kawaida vitangazwe na raia waruhusiwe kuingia, na jopo lenyewe linakufa baada ya miaka miwili lisipohuishwa. Hiyo ya kufa naipenda sana.

Lakini kutokuwa na nguvu sio kutokuwa na faida. Wasovieti waliporusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957, rais wa Marekani Eisenhower alimchukua James Killian, mkuu wa chuo cha MIT, akawa mshauri wake na jopo la wanasayansi likahamia Ikulu, na Septemba 1958 ikasainiwa sheria iliyomwaga hela kwenye mikopo ya wanafunzi na vifaa vya kufundishia sayansi na hisabati. Miezi 11 tu! Usidhani ushauri wa mwaka ule ulikuwa mtamu kuliko mwingine, hofu ndo ilisukuma. Mshauri anasikilizwa pale mwenye nyumba ameshaanza kunusa moshi. Na akiudhi anafukuzwa vilevile, 1973 rais Nixon alilivunja jopo hilohilo, baada ya baadhi ya wajumbe kupinga miradi yake hadharani, Richard Garwin kwa mfano alienda mpaka bungeni kuiponda ile ndege ya abiria ya kukimbia kuliko sauti.

Sasa ripoti nzuri inakuwaje? Ninayoikumbuka zaidi ni ya Februari 2012, ya jopo la rais la hukohuko Marekani lililokuja baadaye, enzi za Obama. Walitaka wahitimu milioni 1 zaidi wa sayansi, uhandisi na hisabati ndani ya miaka 10. Mwingine hapo angesema jengeni vyuo. Wao wakapiga hesabu, wakaona wanaoingia chuo wakiwa na nia ya masomo hayo, hawafiki 40 kwa 100 wanaomaliza nayo, sasa ukiipandisha hiyo 40 ikawa 50 tu, robo tatu ya milioni umeshaipata. Yaani wanafunzi unao, wamekaa mbele yako, wewe ndo unawakimbiza! Wakanyoosha kidole kwenye miaka miwili ya kwanza, lekcha za kusikiliza na kunakili, na yale majaribio ya maabara ambayo jibu linajulikana hata kabla hujawasha kifaa, wakasema mpeni mwanafunzi kitu cha kugundua mwenyewe. Hapo hata mkuu wa idara mmoja asiye na hela anajua Jumatatu aanzie wapi.

Ripoti ikikufikia fanya hivi, chukua kalamu uzungushie kila kitenzi cha kutendwa. Maabara ziboreshwe, walimu wawezeshwe, wasichana wahamasishwe. Na nani? Kwa hela ya fungu gani? Ukikuta ukurasa mzima umejaa duara na hakuna mtendaji hata mmoja, ujue wameandika waondoke.

Kasoro nyingine ni wajumbe wenyewe, maprofesa wapo, wakurugenzi wa makampuni wapo, mwalimu wa darasani ukimtafuta utachoka. Ndo maana majopo mengi yanapokea maoni ya maandishi, na walimu wengi hawaandiki, au wanaandika kurasa 12 za malalamiko kuanzia mshahara mpaka paa linalovuja, msomaji anachoka ukurasa wa pili. Wewe ukipata nafasi andika ukurasa mmoja. Ammita tatu, watoto 60, kwa hiyo watoto 20 kwa kifaa na kipindi kimoja, wangapi wanaishika kwa mkono wao na wangapi wananakili namba ya jirani. Hiyo iwe sentensi ya kwanza, usiizike kwenye aya ya nne baada ya salamu.