Kabla Hujauvuta Mkono: Kwa Wanaoanza Kazi ya Viungo Vilivyotenguka

Mwenzangu unayeripoti kazini kwa mara ya kwanza katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya Kisumu, Vihiga au Nakuru, ninakuandikia kuhusu jambo ambalo darasani hupewa saa chache lakini kazini hukufuata kila mwezi, nalo ni kutenguka kwa viungo. Nimekuwa afisa wa kliniki kwa miaka mingi katika ukanda huu wa magharibi, na ndugu yangu tuliyezaliwa tumbo moja ni daktari wa mifugo upande wa Kakamega. Tunapokutana nyumbani jioni, yeye akiwa ametoka zizini nami nikiwa nimetoka chumba cha dharura, tunagundua kwamba tumeshindana siku nzima na adui mmoja. Adui huyo ni msuli, na wala si mfupa. Mfupa ukishatoka mahali pake, misuli inayouzunguka hukaza ili kuulinda, na kadiri unavyoivuta kwa nguvu ndivyo inavyokaza zaidi. Karibu kila kosa nililofanya au kuliona lilitokana na kusahau jambo hilo.

Anza na lugha ya mgonjwa. Hapa kwetu mtu akisema "nimeteguka" anaweza kumaanisha mambo matatu: kwamba kichwa cha mfupa kimetoka kwenye kikombe chake, kwamba kano zimevutika tu na kiungo kimeshtuka, au kwamba mfupa umevunjika karibu na kiungo. Usilichukue neno lake kama utambuzi wa ugonjwa. Muulize alianguka vipi, mkono ulikuwa umenyooshwa wapi, na kama jambo hilo limewahi kumpata. Bega lililotenguka kwa mara ya tano baada ya mtu kujinyoosha kitandani ni habari tofauti kabisa na bega la mpakia miwa wa Muhoroni aliyeanguka kutoka juu ya trela.

Somo langu la kwanza nililipata kwa aibu. Kijana wa bodaboda aliletwa akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, bega likiwa limepoteza umbo lake la mviringo na kuwa kama pembe ya meza. Nilikuwa mgeni kazini na nilitaka kuonekana hodari, kwa hiyo nililirudisha bega lile upesi, watu wakanipongeza. Kesho yake alirudi akilalamika kwamba sehemu ya juu ya mkono, upande wa nje, haina hisia na hawezi kuuinua. Neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono ilikuwa imeumia. Swali lililoninyima usingizi ni hili: je, iliumia alipoanguka, au niliiumiza mimi? Sikuweza kulijibu, kwa sababu sikuigusa ngozi ile kabla ya kuvuta, wala sikuandika chochote. Hisia zilirudi baada ya miezi kadhaa, kama zinavyorudi kwa wengi, lakini tangu siku hiyo sigusi kiungo kabla sijapima hisia, mwendo wa vidole na mapigo ya ateri yaliyo chini ya jeraha, nikaandika nilichokuta pamoja na saa, kisha nikarudia vipimo hivyo hivyo baada ya kukirudisha.

Bega ndicho kiungo kikubwa kinachotenguka mara nyingi kuliko vyote, na katika visa zaidi ya 90 kati ya 100 kichwa cha mfupa huruka kuelekea mbele. Zipo njia nyingi za kulirudisha. Ile ya kale ya kuweka kisigino kwapani na kuvuta mkono imeumiza neva na mishipa ya kutosha, nami nakusihi uiache katika historia. Njia ya Theodor Kocher, daktari wa Uswisi aliyeieleza mwaka wa 1870, hufanya kazi vizuri katika mikono ya mwenye subira, ila ukizungusha kwa nguvu unaweza kuuvunja mfupa, hasa wa mama mzee ambaye mifupa yake imekuwa miepesi. Mimi hupenda kuzungusha kwa nje tu: mgonjwa amelala chali, kiwiko kimekunjwa na kubanwa ubavuni, nami naupeleka mkono wake nje pole pole sana, nikisimama kila anaposikia maumivu hadi misuli ilegee, hata ikichukua dakika kumi. Wakati huo naongea naye habari za nyumbani kwao. Pale ambapo wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu, mlaze kifudifudi juu ya kitanda cha kupimia, mkono ukining'inia ukingoni, kisha ufunge uzito kwenye kifundo chake. Jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 5, na hiyo inatosha. Ifunge kwa bendeji, usimpe aishike, kwa maana kushika kwenyewe hukaza misuli unayotaka ilale. Baada ya robo saa au dakika ishirini, mara nyingi bega hurudi lenyewe bila mtu kutokwa na jasho.

Dawa ya maumivu si anasa. Lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1, mililita 20, ikidungwa ndani ya kiungo kwa usafi unaostahili, huweza kutosha kwa bega bila kumlaza mtu usingizi. Ukiamua kutumia dawa za kumlaza kama diazepamu au ketamini, hakikisha kuna mwenzako anayeangalia kupumua kwake na hafanyi kazi nyingine yoyote, na kwamba oksijeni na kifaa cha kufyonza mate viko tayari. Nimeona watu wakihangaikia bega na kusahau kifua. Na piga picha ya eksirei kabla na baada, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40 au aliyeanguka kwa kishindo, kwa kuwa mfupa wa mkono uliovunjika kwenye shingo yake haurudishwi kwa kuvuta. Kama uko kwenye zahanati isiyo na eksirei, kazi yako ni kuutuliza mkono kwa kombeo, kupunguza maumivu na kumsafirisha.

Lipo bega moja linalowaponyoka wengi, nalo ni lile lililotenguka kuelekea nyuma. Hutokea kwa mtu aliyepatwa na kifafa au aliyenaswa na umeme, kwa sababu misuli yote hujikaza kwa pamoja na ile yenye nguvu zaidi huushinda mfupa. Picha ya eksirei ya mbele huweza kuonekana kama ya kawaida, na mgonjwa akaambiwa ameshtuka tu, akapewa dawa na kurudi nyumbani. Ishara ni kwamba mkono umejifunga kuelekea tumboni na hauwezi kabisa kuzungushwa nje. Ukiona hivyo, omba picha ya pili inayopigwa kupitia kwapani.

Kuhusu kiwiko sina maneno mengi, ila nina malalamiko. Mara nyingi hutenguka kuelekea nyuma, ateri kubwa ya mkono ikiwa karibu mno, na hurudi vizuri kikishughulikiwa siku ile ile. Tatizo ni kukandwa. Mgonjwa hupelekwa kwa mzee wa kukanda, anachuliwa kwa mafuta ya moto kila asubuhi kwa wiki kadhaa, halafu analetwa kwetu mkono ukiwa umenyooka kama mwiko. Kukanda kwa nguvu kiwiko kilichojeruhiwa huchangia mfupa kuota ndani ya msuli, na kikishapita wiki tatu nje ya mahali pake huwa hakirudi bila upasuaji. Hapo usijaribu kukivuta, utavunja mfupa au kuchana ateri. Hata hivyo usimdharau mzee yule mbele ya familia. Nilipoacha kuwagombeza na kuanza kuzungumza nao, wawili kati yao walianza kunitumia wagonjwa siku ya kwanza.

Mtoto wa miaka miwili aliyeinuliwa kwa mkono mmoja asikanyage matope, akalia na kuuachia mkono uning'inie, hana haja ya hofu hiyo. Kano inayozunguka kichwa cha mfupa wa mkono wa chini imeteleza kidogo. Shika kiwiko, geuza kiganja chake kitazame chini hadi mwisho wa mzunguko wake, utasikia mlio mdogo chini ya kidole chako, na kabla mama hajamaliza chai atakuwa anauchezesha. Mweleze mama, tena kwa upole, kwamba mtoto huinuliwa kwa kushikwa kwapani.

Nyonga na goti ni habari nyingine, na hapa kila saa ina uzito wake. Abiria aliyekaa kiti cha mbele cha matatu, goti likagonga dashibodi, huja mguu ukiwa mfupi, umekunjwa na kugeukia ndani. Kichwa cha fupa la paja kimetoka nyuma, na damu inayokilisha inapungua. Kinatakiwa kurudi ndani ya saa sita, mgonjwa akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, la sivyo uwezekano wa mfupa ule kufa huongezeka. Goti lililotenguka ni hatari zaidi, kwa kuwa ateri iliyo nyuma yake hukatika au kuziba, na mguu usiopata damu kwa zaidi ya saa sita hadi nane huenda ukapotea. Wakati mwingine goti hujirudisha lenyewe njiani, ukalikuta limevimba tu. Usidanganyike na utulivu huo, pima mapigo ya unyayo, rudia baada ya muda, rudia tena. Ukiwa upande wa Kisumu, gari lielekee Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, na upige simu kabla halijaondoka.

Sasa upande wa ndugu yangu. Fahali wa kulimia wa baba yetu mdogo alianza asubuhi moja kuburuta mguu wa nyuma ukiwa umenyooka kama mti, ncha ya kwato ikichora ardhi. Majirani walikwisha leta kamba, wakiamini nyonga imetoka na kwamba wanaume sita wangeirudisha. Ndugu yangu aliomba kamba ziwekwe chini, akamshika fahali na kumrudisha kinyumenyume hatua chache, mguu ukakunjika, akatembea. Pia ya goti ilikuwa imekwama juu ya kigongo cha mfupa, jambo linaloonekana kwa maksai na ng'ombe wa kulimia. Likijirudia, daktari hukata kano moja ya ndani ya goti kwa upasuaji mfupi. Wale wanaume sita wangemlemaza.

Nyonga ya ng'ombe hutoka kweli anapoteleza kwenye sakafu ya saruji yenye kinyesi, hasa majike walio tayari kupandwa wanapopandana, au baada ya kuzaa ndama mkubwa aliyebana neva za mapaja, miguu ikateleza huku na huku. Mara nyingi kichwa cha mfupa huenda juu na mbele, mguu ukawa mfupi na kwato ikageukia nje, kinyume cha binadamu, ambaye wake hugeukia ndani. Mwanafunzi aliyezoea wodi hukosea hapo. Ng'ombe anayeweza kusimama ana nafuu, na kazi ifanyike ndani ya siku moja. Aliyelala ageuzwe upande kila baada ya saa chache, kwa sababu uzito wake mwenyewe huua misuli aliyoilalia. Kwa aliyedhoofika mapaja baada ya kuzaa, kuifunga miguu ya nyuma kwa kamba laini yenye nafasi ya hatua fupi huzuia kuteleza, na mchanga au nyasi sakafuni huzuia zaidi. Mwulize mwenye mali mapema kama atatibu au atachinja, kwa kuwa dawa ikishadungwa, nyama haifai kuliwa hadi siku za kusubiri zipite, na mkulima hawezi kulijua hilo usipomwambia.

Mbwa aliyegongwa na pikipiki hutenguka nyonga kwa namna iyo hiyo ya ng'ombe. Hulazwa kwa dawa, nyonga ikarudishwa, kisha mguu ukafungwa kwa bendeji ya Ehmer inayoukunja usikanyage kwa siku kumi hadi kumi na nne. Mwenye mbwa aambiwe wazi kwamba nyingi hutoka tena na kuhitaji upasuaji. Vifaranga wanaopinda miguu kifundoni hawajatenguliwa na mtu: kano ya nyuma imeteleza, na sababu ya kawaida ni upungufu wa madini ya manganizi au kirutubishi cha kolini katika chakula, basi tibu chakula cha waliobaki.

Ndugu yangu nami tuna mpaka tusiouvuka. Sijawahi kumdunga ng'ombe, naye hajawahi kumrudishia mtu bega, hata jirani anapomsihi usiku. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka anayetibu mnyama awe amesajiliwa, na hata bila sheria, dawa zenyewe zinakukataza: ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya zailazini, dawa ya kutuliza wanyama, anayopewa farasi, na anayekisia atamwua.

Baada ya bega kurudi, liweke kwenye kombeo kwa wiki mbili au tatu, kiwiko kwa muda mfupi zaidi, kisha mazoezi yaanze kabla hakijaganda. Kijana wa chini ya miaka 20 mwambie kwamba uwezekano wa bega kutoka tena ni mkubwa na kwamba kuna upasuaji wa kulikaza. Mtu wa miaka 50 asiyeweza kuinua mkono wiki tatu baadaye mrudishe kwa daktari wa mifupa, huenda kano za bega zimechanika. Na karatasi ya rufaa iwe na saa ya ajali, saa uliyompokea, hali ya hisia na mapigo, dawa uliyotoa na kipimo chake, kisha jina lako lisomeke, na namba ya simu unayoipokea.