Muulize Shangazi: Kibaha ni Dar au si Dar?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Kibaigwa. Nimesomea umeme wa viwandani VETA, na juzi nimepigiwa simu nikaanze kazi kwenye kiwanda cha nondo Kibaha mwezi ujao. Baba mdogo anaishi Gongo la Mboto. Anasema nisihangaike na chumba, nikae kwake, eti Kibaha na Dar ni kitu kimoja. Rafiki yangu anasema Kibaha ni porini, mikorosho na mbu tu. Nimsikilize nani? Na nipande treni au basi? (Fundi, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mbukwenyi kwa wote hapo nyumbani.

Nimeuza chakula getini mwa kiwanda kimoja cha Kibaha kwa miaka 11, kuanzia 1998, kabla sijarudi huku Ipagala, Dodoma, kulea wajukuu. Kwa hiyo hili nalijua kwa sufuria, si kwa kusimuliwa.

Rafiki yako amechelewa kidogo. Mikorosho ipo, lakini sensa ya 2012 ilikuta watu 128,488 katika halmashauri ya mji, na ya 2022 ikakuta zaidi ya 260,000. Pori gani hilo? Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar kwa barabara ya Morogoro.

Tena mji wenyewe haukuanza na viwanda, ulianza na shule. Mwaka 1963 nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha mradi ambao ndio leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha, wenye sekondari na kituo cha afya kilichokuja kuwa hospitali ya Tumbi. Serikali yetu ilikabidhiwa mwaka 1970. Rais mstaafu Kikwete alisoma hapo. Viwanda vilifuata baadaye. Kulikuwa na TAMCO, ambako malori ya Scania yaliunganishwa, na hadi leo mtu akikuelekeza "TAMCO" anamaanisha eneo zima, si kiwanda. Kisha Dar ikajaa. Mwenye kutaka ekari kadhaa, umeme wa kutosha na barabara ya kwenda bandarini hakuzipata tena kirahisi Ubungo wala barabara ya Pugu, akasogea Kibaha. Wa nondo akaja, wa mabomba akaja. Kuna hata kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Wacuba na kuzinduliwa 2015. Chandarua beba hivyo hivyo.

Sasa baba mdogo. Ana nia njema, ila amekosea.

Nilikuwa na mteja, kijana wa Manyoni, naye alikaa kwa kaka yake hukohuko Gongo la Mboto. Aliamka saa tisa usiku. Daladala ya kwanza hadi mjini, ya pili hadi Ubungo, ya tatu hadi Kibaha. Shifti iliingia saa moja, na saa moja kamili mlinzi alifunga geti. Ukikuta limefungwa, kibarua cha siku hiyo kimekwenda. Akiwahi, alikuja kwenye benchi langu kwa chai na chapati mbili. Asubuhi moja alisinzia chapati ikiwa mkononi, kiwiko kikagonga kikombe, chai yote ikamwagikia daftari langu la madeni. Wino ulikuwa wa kalamu ya kuchovya, sijui nani alinishauri. Kurasa nne zikawa ziwa la buluu. Mwezi ule walionilipa ni wale waliokumbuka wenyewe, nao hawakuwa wengi! Nilimfokea, halafu nikamwonea huruma. Jumapili yake nikamtafutia chumba Kwa Mfipa, akashirikiana na wenzake wawili. Akaanza kufika kwangu saa kumi na mbili na nusu ameshaoga.

Barabara ya siku hizi ni nzuri kuliko ya enzi zile, wamepanua kutoka Kimara mpaka Kibaha. Lakini Gongo la Mboto haiko Kimara, iko barabara nyingine kabisa. Utavuka jiji zima ndipo uanze safari. Kwa baba mdogo nenda Jumapili na kilo mbili za sukari, mtapendana zaidi.

Ila usikimbilie kulipa chumba popote palipoandikwa Kibaha. Hapa ndipo vijana wengi wanaumia. Kibaha ni kamba ndefu iliyofuata lami: Maili Moja, Picha ya Ndege, Tumbi, Kongowe, Misugusugu, Visiga, kila kituo na viwanda vyake na wenye nyumba wake. Tena wilaya ina halmashauri mbili, ya mjini na ya vijijini, na hiyo ya pili makao yake ni Mlandizi. Kwala nako, kwenye bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025 na viwanda vipya vinavyoota kando yake, ni Kibaha hiyohiyo kwa barua, lakini ukipanga Maili Moja ukifanya kazi Kwala, nauli itakula mshahara. Mpigie simu aliyekuita, muulize: geti liko kituo gani cha daladala? Asikwambie "Kibaha" akaishia hapo. Na ukiwa bado naye kwenye simu, uliza kama ni mkataba au kibarua, kama michango ya pensheni ya NSSF inakatwa, na buti na glavu zinatolewa na nani. Kiwanda cha nondo ni moto, na wewe ni mtu wa umeme.

Lala nyumba ya wageni siku mbili, tembea kwa miguu kutoka getini, uliza akina mama wanaouza chakula. Wanajua vyumba vyote, na wanajua mwenye nyumba yupi anadai kodi ya miezi sita.

Safari ni basi. Treni ya umeme ni tamu, nimeipanda mwenyewe, lakini wewe wa Kibaigwa uko barabarani tayari, kati ya Dodoma na Morogoro; ukiifuata Dodoma utakuwa unarudi nyuma. Isitoshe reli haipiti Kibaha mjini, inapita Ruvu na Soga. Kama geti litakuwa Kwala, hapo treni inayosimama Ruvu itakufaa siku za kuja likizo. Kwenye basi mwambie konda mapema kwamba unashuka Kibaha, na umkumbushe mkifika Mlandizi. Akikusahau utajikuta stendi ya Mbezi na begi kichwani, unalipa nauli ya kurudi.

Jambo la mwisho, la mama yako: mlenda mkavu atakaokufungashia uweke kwenye kopo lenye mfuniko. Hewa ya kule ina unyevu, si kama yetu. Wangu wa kwanza uliota ukungu ndani ya wiki.

SWALI: Shangazi, mbona viwanda vyote Kibaha, na sisi makao makuu ya nchi tunaangalia tu? (Mkereketwa, Nzuguni)

JIBU: Si vyote. Ila Kibaha ina bandari ya Dar karibu, na mto Ruvu uko pembeni. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi unasukuma maji ya Dar tangu 1959. Sisi maji yetu tumezoea kuyatoa visimani Mzakwe, na kontena la kutoka bandarini linatembea zaidi ya kilomita 400 kabla ya kutufikia. Lakini hebu fika Nala, uone kiwanda cha mbolea na malori yanavyopanga foleni. Mimi nimeshakwenda mara mbili kuangalia pa kuweka benchi. Safari hii daftari nitaandika kwa penseli.